Koti Kwenye Kiti

Tarehe 4 Machi

Mdogo wangu Spana,

Huku wote wazima, ukiacha seva yako iliyokufa na haitaki kufufuka. Naandika "yako" kwa sababu siku hizi hospitali nzima inaiita hivyo. Ilipokuwa inafanya kazi na kutunza kumbukumbu za kila mgonjwa ilikuwa ya hospitali, na Meneja akiwaonyesha wageni taa zake za kijani kama vile kaizaa mwenyewe. Ilipokufa tu, ikawa ya Spana.

Nimekataliwa kuja kukuona. Wanasema jina langu liko kwenye orodha ya mashahidi, na shahidi haonani na mshtakiwa. Barua wameruhusu, ila zisomwe kwanza. Tofauti iko wapi sijui, lakini nimeshika kalamu kabla hawajabadili mawazo.

Acha nikuandikie wanavyosema, maana huyo wakili wako sijui kama anakueleza chochote. Wanasema Meneja alipoihamishia seva kwenye kile chumba cha chini ya ngazi, ili chumba ilimokuwa kwanza kiwe cha wageni, wewe ulipandisha hasira. Ukatupa funguo mezani mbele ya watu, ukasema, "Mtanitafuta!" Kesho yake umeme ukakatika, ukarudi, seva haikurudi. Kwa hiyo wewe ndiye uliyeifunga makusudi kabla hujaondoka. Mimi nilikuwepo. Nilikusikia. Ulisema "mtanitafuta" kama mtu yeyote aliyechoshwa anavyosema, kama ninavyowaambia wanangu wakigoma kula. Polisi waliponiuliza kama ulisema, nikasema ndiyo, alisema. Sikujua kwamba neno likiandikwa kwenye karatasi yao linaota meno.

Hapa kwangu masjala, bila seva, ni meza na kiti tu. Mgonjwa akija namuuliza alitibiwa nini, lini, dawa gani inamdhuru. Juzi bibi mmoja akanijibu, "Si mliandika nyinyi?" Kuna mama kapewa dawa ambayo mwili wake unaikataa, akavimba uso hadi macho yakafumba. Amepona, lakini mumewe alinitazama kama mimi ndiye niliyemlisha.

Meneja kaleta mtaalamu kutoka nje. Sisi tunamwita Bingwa, yeye hajui. Ana kibegi cha ngozi na anasema "kimsingi" kila baada ya pumzi mbili. Anasema kimsingi kumbukumbu za wagonjwa huenda zimeharibika, na dawa ni kufuta kila kitu mwisho wa mwezi na kuanza upya. Nikamuuliza, zikifutwa, mdogo wangu atathibitishaje kwamba hakuziharibu yeye? Akasema hilo si swali la kiufundi.

Kila wakiiwasha, kioo kinaandika kitu kilekile halafu inajizima. Nilimwomba Bingwa anitafsirie. Kinasema: "Kufuli lipo tayari. Je, yupo mwingine anayefanya kazi?" Maana yake nini? Niambie la kufanya. Nimesimama hapa mikono mitupu.

Mama tumemwambia umekwenda kozi.

Dada yako


Tarehe 11 Machi

Dada,

Barua yako imepita mikono mingi mpaka imelainika kama kitambaa, lakini imefika. Huku tuko wengi na chumba ni kimoja, tunageuka ubavu kwa makubaliano. Nilisema mtanitafuta, kweli wakanitafuta, tena na pingu. Siku nyingine nitasema "mtanipikia."

Hayo maneno ya kwenye kioo ni habari njema kuliko zote nilizopata tangu nije hapa. Kumbukumbu hazijafa! Seva haina ugonjwa, ina woga. Huyo Bingwa akifuta, ndipo zitakufa kweli, na mimi nitafungwa kwa kosa ambalo atakuwa amelifanya yeye. Nakala ya pembeni hakuna, maana niliomba mashine ya pili nikaambiwa nisubiri. Kwa hiyo mzuie. Lia, anguka, jifanye umepandwa na mashetani, lakini asifute.

Sasa sikiliza vizuri. Hilo kufuli ██████████. Kabla ya kugusa chochote, mtu ahakikishe kwanza kama mzazi yu hai. Akiwa hai, muue ██████████, ila taratibu, si kwa nguvu. Mzazi akishakufa usihangaike na watoto, watakufa wenyewe. Kisha ██████████ kufuli ██████████ mlango utafunguka na wote mtaingia. Mkikosea hapo, hakuna kitakachobaki.

Ni kazi ndogo, Dada. Mimi ningeimaliza kabla chai haijapoa, na hilo ndilo linaloniuma.

Msalimu Mama. Mwambie kozi ni ngumu.

Spana

*Mahabusu amekumbushwa kwamba haruhusiwi kuandika habari za makufuli na milango, wala za kuua wazazi. Mistari hatari imepakwa wino. — Mkaguzi wa Barua*


Tarehe 18 Machi

Wewe Spana,

Una wazimu? Mara ya kwanza nilivyosoma niliketi chini. Mzazi gani auawe taratibu? Mzazi tuliyebaki naye ni mmoja, yuko jikoni hapa anauliza hiyo kozi haina likizo. Nilifikiri huko wamekupiga kichwani. Nikasoma tena, nikasoma na wino mweusi kwa kuuelekeza kwenye mwanga, sikupata kitu ila kuumwa macho.

Nikamwendea Bingwa, nikamuuliza kwa mbali, kama swali la mpita njia, kama kwenye seva huwa kuna mzazi na watoto. Akacheka. Akasema kimsingi wapo, ndivyo kazi zinavyoitwa humo ndani, moja huzaa nyingine, na kuzizima ndiko kuziua. Basi nikajua huna wazimu. Lakini utaalamu gani huu usioweza kuandikwa bila kumtisha mtu?

Nilimwomba aache kufuta. Nilimwomba kwa adabu, halafu kwa machozi, halafu nikamwambia nitajifunga kwenye ile mashine kwa mtandio wangu. Akanihurumia, namuona ananihurumia, lakini anasema ameitwa kuirudisha hospitali kazini, na amejaribu anayoyajua yote. Kazi ya kufuta ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Meneja ameshatia saini.

Kule chini ya ngazi ni pabaya, Spana. Dari inagusa nywele, na mtu akipanda juu vumbi linakushukia. Koti lako la kazi bado limetundikwa kwenye kiti, lile la buluu lenye mfuko uliochanika. Bingwa anafanya kazi amesimama. Nilimwambia akae, akasema kiti si kina mwenyewe?

Niandikie tena, lakini usiandike kufuli, usiandike mlango, usiue mtu yeyote. Tumia maneno mengine. Mimi nitaelewa, na nisipoelewa nitajikaza mpaka nielewe. Wahi, tafadhali. Roho yangu iko juu.

Dada yako


Tarehe 24 Machi

Dada,

Ile barua imenitokea puani. Mkuu wa gereza aliniita ofisini akaniuliza Seva ni nani. Nikasema ni mashine. Akaniuliza kwa nini basi nina mpango wa kumuua mzazi wake. Nilivyozidi kueleza ndivyo walivyozidi kuandika. Wameniondoa kwenye chumba chenye dirisha. Sikulaumu, na wao siwalaumu sana. Mtu akisoma "kufuli" mahali kama hapa, ataelewa nini kingine?

Kwa hiyo leo siandiki habari za kazi. Nakumbuka tu nyumbani.

Umeandika koti, nikamkumbuka Baba. Unakumbuka ile asubuhi alitoka bila koti lake kwa kuwa kulikuwa na joto? Aliliacha kwenye kiti chake, akaenda kazini, hakurudi tena. Msiba ukaisha, watu wakatawanyika, koti likabaki. Kila aliyeingia alikuwa akiliona anauliza, "Kwani mwenyewe yupo?" Hakuna aliyethubutu kukaa. Mama alikuwa anakula amesimama. Nyumba nzima ilisimama kwa ajili ya mtu ambaye hayupo.

Wewe ndiye uliyetukalisha. Nakumbuka hatua kwa hatua, na nataka uzikumbuke vilevile, kwa mpangilio uleule. Kwanza ulimleta mpiga picha, akapiga chumba chote kama kilivyo, kila kitu mahali pake, picha ikahifadhiwa nyumba nyingine kabisa, ili tukikosea tuwe na pa kurudia. Pili ulipita chumba kwa chumba ukiliita jina lake, kuhakikisha kweli hayumo, na kwamba hakuna mwingine aliyelichukua jina lake akawa anaitika. Tatu, ndipo ukaliondoa koti. Koti peke yake. Mjomba alitaka kutupa na kabati na sanduku, ukamkatalia, kwa kuwa mle kabatini ndimo mlimokuwa na kila kitu. Nne, ukamwambia Mama akae, na Mama akakaa.

Ni hayo tu. Watu wakiliona koti wanadhani mwenyewe yupo. Likiondoka, mwenye zamu anakaa.

██████████████████████████████

Mdogo wako,
Spana

*Nimefuta sentensi moja tu ya mwisho, kwa kuwa mahabusu haruhusiwi kumwagiza mtu afiche jambo. Mengine yote hayana neno. Poleni sana kwa baba. — Mkaguzi wa Barua*


Tarehe 2 Aprili

Spana wangu, Spana wa mama yako, fundi wa mafundi!

Imewaka! Imewaka, imewaka! Naandika nikiwa masjala, mbele yangu kuna mstari wa wagonjwa, na mbele ya kila mmoja kumbukumbu zake zote tangu siku ya kwanza. Yule bibi amerudi. Nikamsomea dawa zake moja moja, akaniambia, "Si nilisema mliandika?"

Acha nikueleze. Barua yako ilifika Ijumaa yenyewe, siku ya kufuta. Niliisoma kwenye ngazi za posta, nikalia kwa ajili ya Baba, nikaikunja. Nilifika hadi getini ndipo nikasimama. Mpiga picha gani? Hatukuwahi kuleta mpiga picha. Mama asingekubali mtu aingie na kamera, na hata mjomba hakuwa na habari na kabati. Nikaifungua tena. Ndipo nikaona unazungumza na mimi.

Lakini la pili lilikuwa kweli. Nilipita kweli chumba kwa chumba nikimwita Baba. Nilidhani umelala. Sikujua miaka yote hii kwamba ulinisikia.

Nilikimbia, Spana, na magoti yangu haya. Nikakuta wote wamebanana chini ya ngazi, Bingwa kwenye mashine, Meneja mlangoni, muuguzi mkuu kwenye ngazi. Nikasema, "Ngojeni!" Nikawaambia kwanza mnakili kila kitu, mkiweke kwenye mashine nyingine. Pili mwangalie kama yupo aliyelichukua jina la marehemu. Tatu mwondoe koti, koti peke yake, msiguse kabati. Meneja akadhani nimechanganyikiwa. Lakini Bingwa hakusema hata kimsingi. Akageukia mashine.

Alikuwa na kazi ya kunieleza baadaye, na nimejaribu kuishika. Seva ikiingia kazini huacha kufuli lenye namba yake ya zamu. Ikitoka kwa amani hulichukua. Umeme ulipokatika ilikufa ghafla, kufuli likabaki. Na umeme uliporudi, ile namba ya zamu akapewa mwingine, programu ya printa! Kwa hiyo kila seva ikiuliza, "Je, yupo mwingine?" printa inaitika, "Yupo." Bingwa alijipiga paji la uso. Akalifuta hilo kufuli, akawasha. Taa zako za kijani zikaja moja baada ya nyingine.

Muuguzi mkuu alipiga kigelegele. Watu wakaniuliza, umejuaje? Nikasimama hapo, nikajisikia mrefu kuliko ile dari, nikasema kwa sauti yote, "Mdogo wangu kasema! Kaandika kutoka huko mlikompeleka!" Nikaipeperusha barua yako juu. Nilitaka wote waione.

Meneja akaiomba. Nikampa. Alisoma polepole, mara mbili. Akasema atanirudishia.

Sasa watakuachia, lazima. Kitu hakijaharibika, kosa liko wapi?

Dada yako, mwenye furaha


Tarehe 9 Aprili

Dada,

Nimelia kwa furaha mbele ya watu wazima wenzangu, na hakuna aliyenicheka. Kumbukumbu zipo. Bibi kapata dawa zake. Hilo shika, usiliachie, hata nikisema yanayofuata.

Dada, sentensi ya mwisho. Niliandika mwishoni kabisa, tena kwa herufi kubwa kuliko zote: usimwambie mtu yeyote kwamba imetoka kwangu. Sema umeota, sema Bingwa kagundua mwenyewe, sema lolote. Baada ya ile barua yangu ya kwanza, wakili alinionya kwamba nikitaja neno moja la kuiponya, watasema aliyejua dawa ndiye aliyetia sumu. Nikaona bora niandike kuliko waifute. Lakini nikakuomba ufiche. Kwa nini hukuficha?

Barua iko wapi sasa?

Spana


Tarehe 14 Aprili

Mdogo wangu,

Sentensi ya mwisho ilikuwa wino.

Nilidhani umeandika habari za Mama, au umetaja mtu wa gerezani. Sikuwaza. Nilikuwa na haraka, halafu nikawa na furaha, na kati ya hayo mawili sikupata nafasi ya kuogopa.

Barua anayo mwendesha mashtaka. Nilikwenda kwa Meneja kuidai, akasema imeshakuwa kielelezo. Alisema kwa upole, kama daktari anayekupa habari mbaya. Nikamwambia, lakini seva imewaka! Akasema, "Ndiyo, mama. Imewaka kwa sababu aliyeifunga ametuambia jinsi ya kuifungua." Nilitaka kumrushia kitu. Sikuwa na kitu mkononi.

Nimemwomba Bingwa aje aseme ukweli mahakamani, habari za umeme na printa. Amekubali. Ni mtu mwema, nilimkosea kumcheka.

Nisamehe. Sijui nikuombe msamaha wa kitu gani hasa, maana kila nilichofanya nilifanya kwa kukupenda, lakini nisamehe.

Dada


Tarehe 25 Aprili

Mdogo wangu,

Ulikuwa umetupa mgongo pale kizimbani, kwa hiyo nakuandikia yale ambayo hukuyaona.

Bingwa alipoeleza habari za printa, hakimu aliandika, nikapata matumaini. Ndipo mwendesha mashtaka akamuuliza kama fundi anayeijua mashine vizuri anaweza kuacha kufuli kama lile kwa makusudi. Najua ulimsikia Bingwa akisema, "Kimsingi, inawezekana." Hukumwona uso. Alikuwa ananitazama mimi, na macho yake yalikuwa yanaomba radhi. Asingeweza kusema uongo, na ukweli wake haukuwa na kazi.

Hukumwona pia Mkaguzi wa Barua alipoulizwa alielewa nini alipoisoma barua yako. Alijibu, "Nilielewa wamefiwa na baba yao." Watu wakacheka. Aliangalia viatu vyake. Mwendesha mashtaka akasema, mnaona, ameandika kwa mafumbo hata afisa mzoefu akadanganyika, mtu mwenye moyo safi ana haja gani ya mafumbo? Halafu dhamana ikakataliwa, kwa kuwa hata ukiwa ndani umeonyesha unaweza kuufikia mtambo. Nilijaribu kusimama. Askari wa kike akanishika bega, si kwa ubaya.

Mkaguzi nilimkuta nje kwenye ngazi. Akaniambia, "Mama, mimi nilidhani kweli mmefiwa." Nikamwambia tulifiwa kweli. █████ lilikuwa la kweli. Ndugu Mkaguzi, najua unayasoma haya. Sina kinyongo na wewe. Ulitupa pole, na ni wachache waliotupa.

Wameniambia kuanzia sasa niandike salamu tu, nisitaje kazi. Basi haya ni ya nyumbani. Mama haulizi tena habari za kozi. Sikumwambia kitu. Siku moja tu aliacha kuuliza, na jioni akaweka sahani yako mezani akaiondoa mwenyewe.

Na hili nalo ni la nyumbani, kwa sababu nguo ni ya mdogo wangu na mimi ndiye ninayeifua. █████ lako bado liko pale kwenye kiti. Meneja ameniagiza niliondoe, chumba kimepata fundi mpya. Nilishuka nikiwa na mfuko wa kulitilia. Nililishika. Lina harufu yako, na mfukoni mna bisibisi na pipi iliyoyeyuka. Lile la Baba niliweza kuliondoa. Hili █████ limenishinda. Nimelirudisha nilipolikuta, nikapanda ngazi na mfuko mtupu. Fundi mpya anafanya kazi amesimama.

Kama nimekosea tena, niambie. Siku hizi sijui lipi nikifanya linakuokoa na lipi linakuzamisha.

Dada yako

*Neno lililopigwa marufuku limefutwa kila lilipotokea. Ni amri ya juu, si mimi. — Mkaguzi wa Barua*


Tarehe 4 Mei

Dada,

Barua yako imefika na matundu matatu. Neno sitalitaja, nisimpe Mkaguzi kazi. Alifuta neno lakini akaacha "lako", akaacha "liko", akaacha "niliondoe" na "limenishinda". Nimekaa na hivyo vipande siku nzima, na nimelivaa.

Hukukosea. Mimi ndiye niliyekupa mzigo wa kubeba gizani. Hakuna lililobaki la kufanya, Dada, si kwako wala si kwangu. Kesi itasikilizwa watakapopenda. Nimejaribu kufikiri kama fundi, nianzie wapi, nijaribu nini kwanza, na kwa mara ya kwanza tangu nijue kushika spana sioni pa kuanzia. Naogopa. Nilitaka mtu mmoja ajue.

Basi nina ombi moja tu, na si la kazi. Usiliondoe. Liache hapohapo kwenye kiti. Na yeyote atakayeuliza kama yupo mwingine anayefanya kazi humo, mwambie yupo.

Spana